Nyumba ya New Street: Kariakoo na Chama Chake Kuelekea Miaka Mia

Mwaka 2029 itatimia miaka mia moja tangu wakazi wachache wa Dar es Salaam, wengi wao makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo, walipounda African Association. Anayekatiza leo Mtaa wa Lumumba, kati ya viwanja vya Mnazi Mmoja na soko la Kariakoo, huliona jengo lenye bendera za kijani na njano na kujua mara moja kuwa hapo ni Ofisi Ndogo ya Makao Makuu ya CCM. Si wengi wanaojua kwamba kabla ya Uhuru, na kabla mtaa huo haujapewa jina la Patrice Lumumba, uliitwa New Street, na kwamba mahali hapo ilisimama nyumba iliyojengwa na wanachama kwa mikono yao na kwa senti zao.

Historia za vyama vyetu huandikwa kwa kufuata viongozi: nani alichaguliwa lini, nani alihutubia wapi, nani alikwenda Ulaya. Nyumba hutajwa kwa mstari mmoja na kuachwa. Kwa New Street mimi naona kuwa kufanya hivyo ni kuikosa historia yenyewe. Chama kile kilipooza mara kadhaa, viongozi wake walihamishwa, walifariki, waligombana. Kilichobaki pale pale, mwaka hadi mwaka, ni nyumba, na kila kizazi kilichotaka kuanza upya kilikuta mahali pa kuanzia.

Tuanze na mtaa wenyewe. Wajerumani, karibu na mwisho wa utawala wao, walijenga jengo la soko upande wa magharibi wa mji, katika eneo walilopanga liwe la Waafrika. Vita vikaingia kabla soko halijaanza kazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916 walilitumia eneo lile kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na wenyeji wakaliita Kariakoo. Maelfu ya wanaume walibebeshwa mizigo ya vita visivyokuwa vyao, na wengi hawakurudi makwao. Jina la mtaa huu mashuhuri kuliko yote nchini, basi, ni kumbukumbu yao, hata kama anayekwenda pale kununua vitenge au vipuri vya simu halifikirii.

Baada ya vita utawala wa Kiingereza uliugawa mji katika kanda tatu. Uzunguni ilikuwa ya kwanza, yenye nyumba za mawe na bustani zinazotazama bahari. Uhindini ilikuwa ya pili, ya maduka. Kariakoo ikawa ya tatu. Sheria za ujenzi hazikutaja rangi ya mtu waziwazi; zilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa katika kila kanda, na aina hiyo ikatosha kuwatenga watu. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Uwanja uliokusudiwa kuwatenganisha watu ndio baadaye uliowakusanya kwa maelfu, lakini hayo yalikuwa bado mbali.

Waliokaa Kariakoo walitoka kila upande. Wazaramo walikuwa wenyeji wa pwani hiyo. Walikuwapo Wanyamwezi waliokuja na misafara ya zamani, Wamanyema ambao asili yao ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huko Kongo, Wangazija, na watoto wa askari wa Kinubi na wa Kizulu walioletwa na Wajerumani kupigana vita vyao. Waliishi katika nyumba ambazo bado zinaonekana hapa na pale katikati ya maghorofa: mlango mmoja katikati, korido inayopita hadi uani, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo nyuma, baraza mbele. Ziliinuliwa kwa boriti za mikoko, fito na udongo, zikaezekwa makuti, na mwenye uwezo kidogo akaezeka kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Vyumba vilipangishwa kimoja kimoja, kwa hiyo chini ya paa moja waliweza kulala watu wa makabila manne, kila mmoja na sufuria yake, wote wakichota maji pamoja.

Mtaa wa namna hiyo una shughuli nyingi kuliko nafasi. Harusi ilifanyika uani, msiba barabarani, mazungumzo barazani. Kupiga ngoma mjini kulihitaji kibali. Wazungu walikuwa na klabu zao na Wahindi kumbi za jamaa zao. Mwafrika aliyetaka kuitisha mkutano wa watu hamsini hakuwa na chumba cha kuwaweka. Na hata kama angetaka kukijenga, fedha angezipata wapi? Sheria ya mwaka 1923 ilizuia wenyeji kukopeshwa: aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali hakuweza kudai deni lake mahakamani. Utawala ulisema sheria hiyo ni ya kuwalinda wasije wakazama katika madeni. Matokeo yake ni kwamba duka la Mwafrika lilibaki dogo, na jengo lolote la Waafrika lilibidi lijengwe kwa fedha taslimu, kidogo kidogo, kutoka mifukoni mwao.

Wazo la chama halikuanzia Dar es Salaam. Tanga ndiyo iliyotangulia. Huko, mwaka 1922, Martin Kayamba na watumishi wenzake wa serikali waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika, wakawa na mahali pa kusomea magazeti, kunywa chai na kupanga mechi za mpira. Kilikuwa chama cha wasomi, nacho hakikuficha jambo hilo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1924, Dk. James Kwegyir Aggrey, msomi wa Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo, alipita Dar es Salaam akiwa na tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu ya Waafrika. Karani mmoja wa reli, Kleist Sykes, alikutana naye. Katika kumbukumbu zake Kleist alieleza kuwa Aggrey ndiye aliyemhimiza kuunda chama cha Waafrika. Kariakoo ina Mtaa wa Aggrey mpaka leo.

Kleist mwenyewe alikuwa mtoto wa mchanganyiko ule niliousema. Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa mmoja wa askari wa Kizulu walioletwa kutoka Msumbiji. Kijana huyo alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na utawala ulipobadilika akawa karani wa Waingereza. Nyumba yake ilikuwa Mtaa wa Kipata, ambao sasa una jina lake. Mtu kama huyo hakuwa na himaya ya kabila ya kukimbilia wala chifu wa kumsemea. Na kipindi kile Gavana Sir Donald Cameron alikuwa ameijenga serikali yote juu ya machifu na makabila, kiasi kwamba Mwafrika wa mjini hakuwa na mahali katika mpango huo. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye siri ya kwa nini chama cha Waafrika wote kilizaliwa Kariakoo. Kwa wakazi wa Kariakoo, umoja wa Waafrika wote ulikuwa hali halisi ya nyumba wanazolala.

African Association iliundwa mwaka 1929. Rais wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu. Kleist Sykes akawa katibu. Pamoja nao walikuwapo Mzee bin Sudi, Ramadhan Ali na wengine. Angalia majina hayo: Mkristo na Waislamu, mtumishi wa serikali na mfanyabiashara, wameketi meza moja. Chama cha Tanga kilikuwa cha watumishi peke yao, hiki kikawa cha Mwafrika yeyote, bila kujali kabila wala dini.

Jambo la kwanza kubwa walilolifanya ni kujenga. Wangeweza kukutana nyumbani kwa viongozi, kama vyama vingi vilivyofanya na vinavyofanya mpaka leo, lakini walitaka nyumba ya chama. Kiwanja kilikuwa New Street, ukingoni mwa Kariakoo, mkabala na uwazi wa Mnazi Mmoja. Wanachama walichanga na walijitolea kufanya kazi wenyewe. Karani aliyezoea kalamu alishika sepetu. Haikuwa kazi ya mwezi mmoja: ilichukua miaka, na katikati yake dunia nzima iliingia katika mdororo wa uchumi, bei za mkonge na kahawa zikaporomoka, na watumishi wakapunguzwa kazini. Kukamilisha jengo katika miaka hiyo kwa michango ya watu wasioruhusiwa kukopa ni jambo ambalo lingestahili sura nzima katika vitabu vyetu vya shule. Mwaka 1933 Gavana Sir Stewart Symes akalifungua rasmi.

Gavana anayefungua jengo la Waafrika anajua anachokifanya. Utawala ulitarajia klabu ya watu watulivu watakaokunywa chai na kuandika barua za heshima. Kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ya New Street ilitumika kwa mikutano, mazungumzo, kusoma na starehe. Miaka ya mwanzo ya 1930 ndiyo pia ya dansi mjini. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Mpira nao ulikuwa ukishika moto: Yanga ilianza mwaka 1935 na mwaka uliofuata wakatokea wenzao tunaowaita Simba. Klabu hizo mbili zilianza kama vyama vya mtaa, vya vijana wa Kariakoo kusaidiana na kucheza, na anayeziona leo katika viwanja vikubwa vya Afrika akumbuke kuwa zimetoka katika udongo huohuo na miaka hiyohiyo.

Ugomvi haukuchelewa kuingia. Mwaka uleule wa 1933 baadhi ya waasisi, Kleist na Mzee bin Sudi wakiwemo, waliunda Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, wakajikita katika kujenga shule ya watoto wa Kiislamu, na nguvu zao nyingi zikaenda huko. Siwalaumu. Watoto wa Kiislamu wa mjini walikuwa na shule chache, na kazi ile ilikuwa ya haki. Mwaka 1934 Erica Fiah, muuza duka aliyetoka Uganda, alianzisha chama chake cha ustawi na biashara za Waafrika, na mwaka 1937 akaanza kutoa gazeti la Kwetu. Fiah alikuwa mkali, aliwaona makarani wa New Street kuwa wamelala, naye hakuwaficha. Wazaramo wakaunda umoja wao mwaka 1938. Vikaja na vyama vya kuzikana vya makabila mengine, maana mtu afapo ugenini ndugu wa karibu ni wa kwao. Kila chama kilikuwa na sababu yake nzuri ya kuwapo, na kila kimoja kiliondoa mtu mmoja au wawili katika viti vya New Street.

Hiyo ndiyo miaka ambayo waandishi huipita haraka. Mimi nadhani inafaa kuikalia kidogo. Chama kikipooza bila nyumba hufa: daftari hubaki kwa katibu, katibu huhamishwa, daftari hupotea, na kizazi kinachofuata hakijui hata kama kiliwahi kuwapo. African Association ilipooza ikiwa na anwani. Mgeni aliyeshuka kwenye treni kutoka Dodoma au Tabora aliweza kuulizia New Street akaonyeshwa. Barua zilikuwa na mahali pa kufikia. Na matawi yakaendelea kuchipua mbali na makao makuu: Zanzibar walikuwa na African Association yao tangu mwaka 1934, na Dodoma, mji wa makarani wa reli, ukawa na wanachama waliokuwa na ari kuliko wa Dar es Salaam, hata mkutano mkuu wa mwaka 1945 ukafanyika kwao. Tawi likiyapita makao makuu kwa bidii ni aibu kwa makao makuu, lakini ni uhai kwa chama. Mwaka 1948 chama kilibadili jina kuwa Tanganyika African Association, TAA.

Jina la Zanzibar nimelitaja kwa makusudi. Ile African Association ya Visiwani iliungana na Shirazi Association mwaka 1957 ikawa msingi wa Afro-Shirazi Party. Ya Bara ikawa TANU. Vyama hivyo viwili vikaungana tarehe 5 Februari 1977 kuwa CCM. Ukoo wote huo, wa Bara na Visiwani, unarudi kwenye jina lile moja lililoandikwa Dar es Salaam mwaka 1929.

Vita vya Pili vilipokwisha mji ulikuwa umebadilika. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuta wakazi 69,227. Ile ya 1957 ilikuta 128,742. Vyumba vya Kariakoo vilijaa, kodi ikapanda, na vijana waliokuwa Burma na jeshi la King's African Rifles walirudi wakiwa wameona Wazungu wakiogopa na wakifa kama watu wengine. Kati yao walikuwamo wana wa Kleist, Abdulwahid na Ally Sykes. Mwaka 1947 makuli wa bandarini waligoma, na Abdulwahid akawa katibu wa chama chao. Kleist alifariki mwaka 1949. Mwaka uliofuata vijana waliichukua TAA: Dk. Vedasto Kyaruzi akawa rais, Abdulwahid katibu. Walikuta nyumba imechoka lakini imesimama. Kutoka hapo walianza kuandika juu ya katiba na ardhi, mambo ambayo wazee wao walikuwa wakiyagusa kwa tahadhari. Serikali ilijibu kwa njia yake ya kawaida: Dk. Kyaruzi akahamishiwa mbali na Dar es Salaam.

Serikali ilikuwa na jibu lingine pia, la upole zaidi. Baada ya vita iliunda Idara ya Ustawi wa Jamii, hasa kwa kuwafikiria askari waliorejea, nayo ikajenga vituo vya jamii mijini: maktaba ndogo, redio, madarasa ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, mafunzo ya kushona kwa akina mama, ukumbi wa dansi na ndondi. Kituo kikubwa cha Dar es Salaam kilijengwa Mnazi Mmoja mapema miaka ya 1950 kwa fedha za tajiri wa Kigiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge, George Arnautoglu, na mpaka leo watu wanakiita Ukumbi wa Arnautoglu. Ulikuwa mzuri kuliko nyumba ya New Street kwa kila kipimo: mpana, wenye jukwaa, wenye taa. Kutoka mlango wa mmoja hadi wa mwingine ni mwendo mfupi wa miguu.

Hapo Kariakoo ikawa na nyumba mbili. Moja watu waliijenga, nyingine walipewa. Ya kupewa ilikusudiwa kumfundisha Mwafrika awe raia mwema atakayecheza, kusoma na kwenda kulala. Wala si ya kudharauliwa. Waliojifunza kusoma humo hawakumpokonya mtu kitu, na wapo wanawake waliopata humo ufundi wa kuwalishia watoto wao. Lakini TAA iliutumia ukumbi huo kwa kazi ambayo haikuwamo katika ratiba ya Ustawi wa Jamii. Tarehe 17 Aprili 1953 wanachama walikusanyika Arnautoglu kuchagua rais wao. Wagombea walikuwa Abdulwahid Sykes, aliyekuwa akikiongoza chama, na mwalimu wa shule ya Pugu aliyerudi karibuni kutoka Edinburgh, Julius Kambarage Nyerere. Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Nyerere, aliyekuwa ametimiza miaka 31 siku nne kabla, alishinda kwa kura chache.

Mtu aliyeshindwa ukumbini angeweza kwenda zake na nusu ya chama. Abdulwahid hakufanya hivyo. Aliendelea kutoa nyumba yake ya kona ya Stanley na Sikukuu kwa mikutano, aliendelea kutoa fedha zake, na Nyerere alipoacha ualimu mwaka 1955 familia yake ilipata hifadhi katika nyumba hiyo. Kati ya yote yaliyotokea katika mitaa hiyo, hili ndilo ninaloliheshimu zaidi.

Agosti 1953 serikali ya Gavana Twining ilipiga marufuku watumishi wake kuwa wanachama wa TAA. Kwa chama kilichoanzishwa na makarani, hilo lilikuwa pigo la kuua. Kilichokiokoa ni Kariakoo. Watumishi walipojitoa hadharani, nafasi zao zilishikwa na watu wasioajiriwa na serikali: wauza samaki, wenye nyumba za kupangisha, madereva wa teksi, mafundi, wazee wa mtaa. Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki sokoni, akawa mmoja wa nguzo za Baraza la Wazee la chama. John Rupia, mfanyabiashara, alitoa fedha wakati fedha zilipokuwa hazipatikani. Utawala ulidhani umekikata chama kichwa, kumbe umekisukuma mikononi mwa watu ambao haukuwa na njia ya kuwahamisha.

Tarehe 7 Julai 1954 wajumbe wa TAA walikutana katika nyumba ya New Street. Walikuwa kumi na saba. Japhet Kirilo alitoka Meru, akiwa bado na uchungu wa ardhi ya Engare Nanyuki ambayo watu wake walifukuzwa mwaka 1951, na ambayo aliipeleka mpaka Umoja wa Mataifa. Saadani Kandoro aliwakilisha harakati za Kanda ya Ziwa, Joseph Kimalando alitoka upande wa Kilimanjaro, Germano Pacha upande wa Magharibi. Wenyeji wao walikuwa akina Abdulwahid na Ally Sykes, Dossa Aziz, Tewa Said Tewa, John Rupia na Patrick Kunambi. Hapo TAA ikageuzwa kuwa Tanganyika African National Union, TANU. Kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ally Sykes. Siku hiyo tunaiita Saba Saba. Siku hizi wengi wanaijua kwa maonyesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa.

Watu kumi na saba wanaenea chumba kimoja. Mwaka uliofuata nyumba ya New Street haikuweza tena kuwaweka wanachama wake, na sababu kubwa ni wanawake. Mwanasiasa wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipotembelea TANU mwaka 1955 aliuliza wanawake wako wapi. Aliyeletwa kujibu swali hilo kwa vitendo ni Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma. Yeye hakuhitaji ofisi wala orodha. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na kwa wapika pombe, wanawake ambao tayari walikuwa na vyama vyao vya kupeana na kuzikana, na kila kiongozi alipokubali, kikundi chake chote kilikuja. Katika miezi michache waliandikishwa maelfu. Barabara inayopita mbele ya Arnautoglu sasa ni Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na hakuna jina lililostahili zaidi mahali pale.

Tarehe 7 Machi 1955 Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kwa nauli iliyochangwa. Mikutano ikahamia viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani. Nyumba ya New Street ikabaki ofisi.

Kazi nyingine ya umma iliyofanyika mtaani hapo haikuwa ya siasa. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu cha nchi kilianza katika jengo la TANU mtaani hapo, kikiwa na kitivo kimoja cha Sheria na wanafunzi wasiofika ishirini, kikakaa hapo mpaka kilipohamia Mlimani mwaka 1964. Chama cha mtaa kilikuwa kimekuwa chama cha nchi, na jengo lake likawa darasa la kwanza la mawakili wake. Nyumba ya zamani ya wanachama, ile ya michango ya 1929 hadi 1933, haipo tena. Jina la Arnautoglu limebaki, katika ukumbi na katika chuo cha maendeleo ya wananchi.

Kubomolewa kwa nyumba kuukuu si ajabu katika Kariakoo, ambako ghorofa huota juu ya kila kiwanja. Kinachouma ni kwamba majina ya waliojenga nayo yanafifia. Tunayajua tunayoyajua kwa sababu familia moja ilitunza karatasi: mjukuu wa Kleist, Daisy Sykes, aliandika maisha ya babu yake katika kitabu cha Modern Tanzanians kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe mwaka 1973, na mwaka 1998 Mohamed Said alichapisha maisha ya Abdulwahid Sykes, akilalamika waziwazi kwamba historia rasmi ya TANU imewasahau wazee wa Kariakoo. Wapo waliomkasirikia. Lakini baada ya kitabu chake hakuna aliyeweza tena kusimulia Saba Saba kana kwamba chama kilianza siku hiyo asubuhi. Waliobaki, wale waliochanga senti hamsini na kubeba udongo bila kuwa na mjukuu mwandishi, hawana ukurasa popote.

Miaka mia inakaribia. Wenye nyumba wa sasa wa Mtaa wa Lumumba wanaweza kuweka ukutani kibao chenye majina ya waasisi na wajenzi wa nyumba ile, wote wanaojulikana, bila kuchagua. Na familia za Kariakoo, Gerezani, Ilala na Magomeni zenye picha, stakabadhi za michango, kadi za African Association au barua za wazee wao sandukuni zizitoe sasa, wakati wapo wanaoweza kuzitambua sura. Zipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa zinakiliwe, na asili zirudi nyumbani. Anayesoma haya na anajua liliko sanduku la namna hiyo, tafadhali asiache mpaka 2029.